Salamu ya Dakika Nzima

Wewe unayesoma haya ukiwa na koti jeupe lenye mikunjo ya dukani, weka karatasi mezani kwanza. Geuza kiganja chako kitazame juu. Chukua vidole vitatu vya mkono wa pili, uviweke chini kidogo ya kifundo cha mkono, upande wa dole gumba. Usibonyeze kama anayejaribu parachichi sokoni. Gusa tu, usubiri. Umepata? Haya, kaa hapo dakika nzima, ndipo uendelee kusoma. Najua hutakaa. Mimi nilipokuwa na umri wako sikukaa, na ndiyo maana leo naandika.

Naitwa Aikande. Nilikuwa muuguzi kwa miaka thelathini na mitatu, na mingi kati ya hiyo niliimaliza kwenye zahanati moja ndogo juu ya Tengeru, mahali ambapo wagonjwa hufika na matope ya shamba miguuni na sweta mbili tatu mwilini. Sikuwahi kufanya kazi hospitali kubwa. Sikuwahi kusimama kwenye chumba cha upasuaji ila siku niliyopasuliwa mimi. Watu wakiniuliza nilikuwa nafanya nini miaka yote hiyo, nawaambia nilikuwa nashika watu mikono. Mume wangu hapendi nikijibu hivyo mbele ya wageni.

Aliyenifundisha kushika alikuwa Mama Sifaeli, muuguzi mfawidhi niliyemkuta pale. Mmeru mrefu, mkimya, mwenye saa ya kuning'inia kifuani ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Wiki yangu ya kwanza alinipa kazi ya kupima mapigo ya moyo ya watu wa foleni na kuyaandika kwenye kadi zao. Ilipofika saa nne akazipitia kadi zangu, akavua miwani, akasema taratibu kwamba leo kata nzima ina moyo mmoja. Nikaangalia. Themanini na nne, themanini na nne, themanini na tano, themanini na nne. Mzee, mjamzito, kijana aliyekanyaga msumari, wote sawa. Nilikuwa nashika kwa dole gumba, na dole gumba lina mapigo yake lenyewe. Asubuhi nzima nilikuwa nimejipima mimi na kuwagawia wananchi.

Dole gumba nikaliacha. Kosa la pili nikabaki nalo, na hilo ndilo lililokuja kunitesa. Foleni ikirefuka nilihesabu sekunde kumi na tano, nikazidisha kwa nne. Ninyi nyote mnafanya hivyo, msinidanganye. Mama Sifaeli hakunikemea. Siku moja tukinywa chai akaanza kugonga meza kwa kidole, akaniambia nihesabu. Nikatazama saa ya ukutani, nikachukua sekunde zangu kumi na tano, nikamwambia sabini na sita. Hakuacha kugonga. Akaendelea huku ananitazama mpaka masikio yangu yakafunguka, nikasikia kwamba kidole kinagonga ovyo: mara mbili haraka haraka, kimya, mara moja, kimya kirefu, mara tatu mfululizo.

"Umeniletea idadi," akasema. "Mimi nilikutuma mwendo."

Neno hilo la mwendo lilikuwa lake, vitabu vyetu vya chuo vilikuwa na maneno marefu zaidi. Alinieleza hivi. Mkitwanga mahindi wawili kwenye kinu kimoja, mchi wako ukipanda wa mwenzako unashuka, na mtu aliye jikoni anajua kazi inakwenda bila hata kuchungulia. Lakini mwenzako akianza kusimulia habari za jirani, mchi wake unawahi, unachelewa, mnagongana. Kuna mioyo ya namna hiyo. Chumba cha juu cha moyo kinatetemeka badala ya kubana sawasawa, damu inatuama mle ndani, inaganda, na siku moja donge dogo linasafiri mpaka kwenye ubongo. Mtu aliyelala mzima anaamka mdomo umekwenda upande na mkono haunyanyuki. Tunaita kiharusi, na wapo wanaosema amerogwa. Wengi wa wagonjwa hao mwenye vidole vitatu na dakika moja angeweza kuwaona mapema.

Dakika hiyo Mama Sifaeli hakukubali iguswe. Mtu akiingia ghafla aliinua mkono wa pili bila hata kumtazama, akasema, "Nyamaza kwanza, nahesabu." Alimwambia hivyo mchungaji. Alimwambia hivyo mganga mkuu wa wilaya siku alipokuja kutukagua, na mganga mkuu akasimama mlangoni na msafara wake wote kama wanafunzi waliochelewa. Mama Sifaeli alipostaafu nikashika nafasi yake, na maneno hayo nikayarithi pamoja na ufunguo wa kabati la dawa. Ukiyasema kwa sauti ya chini yanafanya kazi vizuri zaidi.

Kabla sijasahau, pasheni mikono moto. Mwezi wa sita na wa saba ukungu unashuka kutoka mlimani, vidole vinakuwa kama vya maiti, na vidole baridi havisikii kitu. Kingine, vinamshtua mgonjwa, moyo unakwenda mbio, halafu mnaandika kwamba una kasi. Mimi nilikuwa na chupa ya chai mezani na kazi yake ya kwanza haikuwa chai.

Halafu ikaja mashine ya presha, ile ya betri. Unamfunga mtu mkanda mkononi, unabonyeza, mkanda unavimba, unatoa hewa taratibu, na kioo kinaonyesha namba tatu: presha ya juu, presha ya chini, na mapigo. Tuliipenda mno. Jioni tuliifunika kwa kitambaa cha kufuma, maua yake ya njano. Sina ugomvi na mashine, msije mkasema bibi huyu ni mtu wa zamani. Ugomvi wangu ni na mimi, kwa sababu tangu siku ile niliacha kushika mikono. Ya nini, wakati namba ya mapigo ipo pale kwenye kioo?

Sasa niwaeleze kuhusu Mama Kanaeli. Alikuwa anauza ndizi soko la Tengeru, mwanamke wa umri wa kumwamkia, na sauti yake ilifika zahanati dakika tano kabla yake. Alikuwa mjane wa karibuni. Presha yake tuliijua siku nyingi na dawa alikuwa anameza. Kila baada ya wiki nne alikuja kupimwa, siku ya soko akishamaliza kuuza, na hakukaa kwenye benchi kabla ya kumsalimia kila aliyekuwepo, mpaka watoto wa migongoni.

Siku moja mashine ikamkataa. Ikavimba, ikashuka, ikavimba tena, ikaandika herufi E, maana yake nimeshindwa. Nikahamia mkono wa kushoto, E. Nikamvua sweta ya pili, E. Nikaweka betri mpya, E. Mhudumu wetu akasema mashine imemwogopa Mama Kanaeli, na aliyecheka kuliko wote alikuwa Mama Kanaeli mwenyewe. Nikampima mtu aliyemfuata, mashine ikatoa namba zake safi kabisa. Nikafikiri ina matatizo ya kuja na kuondoka. Nikaandika kwenye kadi yake: *Mashine mbovu, arudi wiki ijayo.* Wiki iliyofuata akarudi, E. Nikaandika yale yale. Wiki ya tatu nikaandika tena, mwandiko ule ule, wino ule ule.

Kila baada ya E nilikuwa naibeba mashine mpaka Ngarenaro, kule mjini, kwa fundi Hamisi. Fundi Hamisi alikuwa na kibanda kati ya gereji na duka la vipuri, anatengeneza redio, pasi, simu, chochote chenye waya. Mara ya kwanza alisafisha sehemu za betri. Mara ya pili akabadilisha mpira wa hewa. Mara ya tatu akajifunga mkanda yeye, ikapima. Akamfunga jirani yake wa gereji, ikapima. Akamfunga mteja aliyefuata redio yake, akanifunga na mimi, wote ikatupima bila shida. Akaiweka mezani, akaikunjia mkanda wake vizuri, akanitazama.

"Dada, hii inamkataa nani?"

Nikamwambia ni mama mmoja tu.

"Kila mara huyo huyo?"

"Kila mara."

"Basi umeniletea asiye mgonjwa. Mimi ningempima huyo mama."

Nilicheka, naye akacheka. Nikaaga, nikatembea mpaka kituo cha daladala nikiwa bado nacheka peke yangu, na hapo kituoni kicheko kikanikauka. Nilikumbuka jambo ambalo Mama Kanaeli alikuwa akiniambia kila alipokaa kwenye kile kiti, hata kabla mashine haijaanza kumkataa. Alikuwa akiniambia, "Tangu baba Kanaeli aondoke, nesi wangu, moyo wangu hautulii."

Mwaka mzima. Mnajua tukiambiwa hivyo tunasikia nini. Tunasikia huzuni, tunasikia kitanda cha mjane. Nilikuwa namjibu, pole mama, Mungu atakutuliza. Siku moja nilimshauri ajiunge na kwaya ya akina mama. Siku nyingine nikamwambia apunguze chai ya jioni. Na yeye alikuwa ananipa habari ya mwili wake kwa Kiswahili kilichonyooka. Lugha ya nyumbani kwao ni Kimeru, Kiswahili alijifunzia sokoni, na Kiswahili cha sokoni hakina mafumbo: mkungu ni mkungu, moyo ni moyo. Aliposema hautulii alikuwa na maana kwamba hautulii. Maana ile nyingine niliileta mimi, mjuzi wa kufariji.

Niliona aibu mpaka jasho likanitoka. Mgonjwa alikuwa amesema. Mashine ilikuwa imesema mara tatu. Na mimi, mrithi wa Mama Sifaeli, nilikuwa nimeandika kwamba mashine ni mbovu.

Na wiki ya nne Mama Kanaeli asingekuja. Alikuwa amewatangazia wenzake sokoni kwamba harudi kwetu mpaka tununue mashine yenye adabu. Kwa hiyo nilivyoshuka Tengeru sikupita zahanati, nikapanda moja kwa moja kwake, mashine bado iko kwenye mfuko. Nilimkuta kwenye kibaraza anamenya ndizi za jioni. Nilimwona kabla hajaniona. Alikuwa anamenya kwa mkono wa kushoto, polepole, maganda yanatoka vipande vipande. Mama huyu nilimjua. Hakuwa mtu wa mkono wa kushoto.

Wanangu, nilitaka kumrukia. Lakini huwezi kuingia nyumbani kwa Mama Kanaeli ukaanza na shida. Nikamwamkia, shikamoo mama, akaitikia marahaba, akaweka kisu chini, akanipa mkono wa kulia na hakuniachia. Akauliza habari za mume wangu. Akauliza habari za watoto, si kwa jumla, mmoja mmoja kwa jina, na yule wa katikati aliyekuwa anasumbuliwa na meno, je, meno? Akauliza habari za mama yangu Machame, habari za ng'ombe wa mama, kama amezaa, na dume au jike. Mimi najibu, na vidole vyangu vitatu vimeshashuka vyenyewe chini ya kifundo chake. Tulipofika kwenye habari za mvua dakika ilikuwa imekwisha, na sikuwa nimepata mapigo matatu yanayofuatana vizuri.

Nikamuuliza huo mkono una nini. Akasema ameulalia. Asubuhi kikombe kilimponyoka na ulimi ukawa mzito, akashindwa kumwita hata kuku, ila kufika saa tatu vikarudi, sasa mkono umebaki na uvivu kidogo tu. Alisema hivyo kama mtu anayeeleza habari za mvua iliyopita. Mimi nilijua kilichopita kibarazani kwake asubuhi ile, na nilijua kinaweza kurudi saa yoyote kikiwa kikubwa zaidi.

Nikamwambia twende hospitali ya mjini sasa hivi. Hakutaka. Ndizi zimeshakatwa, kesho kutwa ni soko, na yeye amechoka kupimwa na vitu vibovu. Nikajaribu kumtisha, akanicheka. Nikamwambia habari za donge la damu, akasema donge gani. Mwisho nikaacha maneno yote ya chuo.

"Mama, uliniambia moyo wako hautulii. Ni kweli hautulii. Nimeushika sasa hivi, hapa mkononi."

Akautazama mkono wake kama kitu alichoazimwa.

"Mwaka mzima nawaambia," akasema. Akafunika ndizi kwa majani, akaingia ndani kuchukua kitenge.

Jirani mwenye pikapu ya kubebea maziwa ndiye aliyetupeleka. Kanaeli, mtoto wake, alikuwa kazini Usa River kwenye shamba la maua, tukampigia simu atukute huko. Hospitalini walimlaza, wakambandika nyaya kifuani, karatasi ikatoka na mistari, na daktari akanionyesha kwa kalamu jinsi milima ya mistari ile isivyokuwa na umbali sawa hata mahali pamoja. Alisema kilichompata asubuhi kilikuwa kiharusi kidogo kilichoachia chenyewe. Walimchunguza kichwa, wakamwanzishia dawa ya kutuliza kasi ya moyo na ya kuzuia damu isigande. Siku aliyoruhusiwa mkono wake ulikuwa unamenya ndizi kama kawaida. Tulimwahi, nami namshukuru Mungu mpaka leo, lakini tulimwahi kwa sababu fundi redio aliuliza swali ambalo lilikuwa langu.

Nilimpelekea fundi Hamisi habari. Akasema ndiyo kawaida ya kazi yake: redio ikikoroma, kwanza anauliza inakoroma kituo gani.

Mama Kanaeli sikumwomba radhi. Nilijiambia yameisha, amepona, ya nini kuchokonoa. Lakini kadi yake ya zamani aliishonea nyuma ya mpya kwa uzi, hakutaka kutupa kitu, na kila alipokuja kliniki niliiona ile mistari mitatu ya mwandiko wangu. Kila mara niligeuza ukurasa haraka. Niligeuza hivyo miaka na miaka.

Na mambo hayakunyooka mara moja. Nilimweleza kwamba dawa ile inafanya damu iwe nyepesi. Kwetu damu nyepesi ni damu ya mtu aliyepungukiwa, anayeanguka kwenye foleni ya maji. Baada ya wiki mbili akaja midomo myekundu kwa juisi ya bitiruti na maua ya rosela, vile vya kuongeza damu, anakula maini siku tatu kwa wiki, na dawa anameza siku moja anaruka siku moja, ili damu ipate nafasi ya kuwa nzito tena. Sikuweza hata kumgombeza, alikuwa amefuata maneno yangu kwa akili kabisa. Tangu hapo nasema dawa inazuia damu isigande ndani ya moyo, basi. Neno nyepesi nimelistaafisha. Na mnafu, kwa kuwa dawa yake ilikuwa ile inayogombana na mboga za majani, nilimwambia ale kiasi kile kile kila wiki, asiongeze wala asipunguze, na asikose siku ya kupimwa damu. Kumwambia mtu wa huku aache mnafu usijaribu, atakuacha wewe.

Kitu nilichotoka nacho kwenye kile kibaraza ni salamu. Unajua tatizo la dakika nzima ni nini? Ukimshika mtu mkono dakika nzima kimya, anafikiri amekwisha. Niliwahi kumwona mzee anaanza kusali. Moyo unakwenda mbio, macho yanamtoka, na aliye nyuma yake kwenye foleni anaanza kumpa pole. Kumbe saa tunayo mdomoni. Nilipima kwa saa ya ukutani: shikamoo, marahaba, za nyumbani, za watoto, za shamba, za mifugo, za mvua, ukizisema kwa heshima zinakupa dakika moja na zaidi. Wewe ulizia, mgonjwa ajibu, vidole vishike mwendo. Huhitaji kuhesabu, idadi mashine itakupa. Ukihisi mwendo hauelewiki, hapo ndipo unamwomba atulie, unahesabu dakika ya pili kwa saa na kwa kimya.

Wanaonishinda ni Wachaga wenzangu wenye maduka mjini. Hao wanamaliza habari zote kwa sekunde kumi na tano, ukitaka dakika inabidi uzidishe kwa nne.

Kliniki ya mkoba, ile ya kuwafuata watu vijijini kwao, ilinipeleka pia upande wa magharibi wa mlima Meru, kwa Waarusha. Pale kijana huinamisha kichwa na mzee humgusa utosini, hakuna mkono wa kushika, na mzee mmoja hakupenda kabisa mkono wake ushikwe na mwanamke asiyemjua. Nikamwomba anieleze ng'ombe wake. Alipofika kwa wa nne alinisogezea mkono mwenyewe ili nisikilize vizuri, na alipofika kwa wa tisa nilikuwa nimeshamaliza kazi yangu, lakini ingekuwa utovu wa adabu kumkatisha. Walikuwa thelathini na mmoja. Moyo wake ulikuwa mzima kuliko wangu.

Sasa ninyi mna kile kidude kidogo mtu anakiwekea vidole viwili, na mistari ya moyo inaonekana kwenye simu. Nawaonea wivu, nasema wazi. Wiki yangu ya mwisho nilikijaribu, nikakaa nacho kama mtoto na peremende. Kitumieni, na karatasi ya hospitali ndiyo yenye neno la mwisho, si vidole vyangu. Ila foleni ina watu wengi na kidude ni kimoja, kwa hiyo vidole ndivyo vitakavyokuambia uanze na nani. Yeyote mwenye presha, mwenye sukari, aliyewahi kupata kiharusi, au mwenye wajukuu tu, mshike. Si kila E ni moyo, mara nyingine mkanda umelegea au mtu anaongea. Lakini mashine ikimkataa mtu yule yule mara mbili, usiipeleke Ngarenaro. Mshike mkono. Na akikuambia moyo hautulii, mpe pole yake, anastahili, halafu mshike.

Mama Kanaeli naye akaanza kazi. Nani alimwajiri sijui. Sokoni akawa anasalimia watu kwa kushika kifundo, na mara akaniletea watu watatu. Muuza viazi mmoja kweli mwendo wake ulikuwa umevurugika, leo anameza dawa. Wengine wawili walikuwa wazima kabisa, nadhani waligombana naye juu ya nafasi ya kuweka ndizi.

Siku ya kuniaga, mwaka juzi, walipanga viti uani pale zahanati, wakapika pilau, na mshereheshaji alikuwa na ratiba. Mama Kanaeli alifika wa mwisho, mzee sasa, anatembelea fimbo, Kanaeli yuko nyuma yake na mkungu begani. Hakujali ratiba. Akapita katikati ya watu mpaka kwenye kiti changu, nikasimama, nikamwamkia, akaupokea mkono wangu. Nikahisi vidole vitatu vinashuka chini ya kifundo, mahali penyewe, dole gumba liko mbali. Akauliza habari za mume. Akauliza watoto mmoja mmoja, na yule wa katikati, meno yake yalikuja kupona? Akamaliza wajukuu. Mshereheshaji akakohoa kwenye kipaza sauti. Mama Kanaeli akanyamaza, lakini mkono hakuuachia, na uani watu wote wakanyamaza naye.

Nikaona kwamba nisiposema leo sitasema tena. Nilikuwa nimeshaanza kulia. Nikamwambia kwa sauti ya chini, mama, mwaka mzima ulikuwa unaniambia, mimi sikukusikia, nikaandika mashine mbovu, mara tatu, naomba unisamehe.

Aliinua mkono wake wa pili bila hata kunitazama.

"Nyamaza kwanza," akasema, "nahesabu."